Swichi ya Storeji Hulalamika Kabla ya Kuzima: Jinsi ya Kuisoma na Kuisimamia

Mwisho wa mwezi, ofisi nyingi za Mbeya hupata malalamiko ya aina moja. Foleni ya wateja imefika mlangoni, mhasibu anabonyeza, skrini inazunguka tu. Simu inakwenda kwa mtu wa TEHAMA: "Kaka, mfumo umeganda tena." Mtu wa TEHAMA anakagua seva, anakuta prosesa imetulia na kumbukumbu ya kutosha imebaki. Anakagua storeji, yaani kabati la diski ambamo seva zote huhifadhi data, anakuta taa zote ni za kijani. Anaizima seva na kuiwasha, mambo yanatengemaa kwa muda, kisha tatizo linarudi palepale. Katikati ya seva na storeji kuna kifaa ambacho hakijaulizwa swali lolote tangu siku kilipofungwa kwenye raki.

Kifaa hicho ni swichi ya storeji. Palipo na mtandao wa storeji, iwe hospitali, chuo, SACCOS au ofisi ya umma, ndiyo inayopitisha kila rekodi ya mgonjwa, kila alama ya mwanafunzi na kila muamala. Hata hivyo ndiyo inayofahamika kidogo kuliko vifaa vyote vya chumba cha seva. Wengi wetu tumefundishwa swichi za mtandao wa kawaida. Hii tunaiona siku mkandarasi anapoifunga, naye akiondoka anaondoka na maarifa yake. Ni hasara kubwa, kwa sababu swichi ya storeji ni nadra kufa ghafla. Inahesabu karibu kila kinachokwenda kombo, na hesabu zake ziko wazi kwa anayejua pa kuangalia. Ugumu uko kwenye kuzisoma: poti yenye makosa mengi si lazima iwe ndiyo mbovu, na seva inayolalamika mara nyingi inaumia kwa kosa la nyingine.

Mtandao usiovumilia kupoteza

Kwenye mtandao wa kawaida pakiti ikipotea njiani, TCP, ile itifaki inayosimamia usafirishaji wa data, huituma tena upesi na mtumiaji hahisi kitu. Mtandao wa storeji hubeba amri za diski, zile za SCSI, za kusoma na kuandika. Seva inaamini inazungumza na diski yake yenyewe iliyo tumboni mwake. Fremu moja, yaani pakiti ya mtandao huu, ikipotea, hakuna wa kuituma tena papo hapo. Seva inasubiri hadi muda wa amri uishe, ambao kwenye Linux kwa kawaida ni sekunde 30, ndipo ijaribu upya. Hifadhidata ikisimama sekunde 30 ikisubiri jibu moja, maombi yote yanayofuata yanajipanga nyuma yake. Huko ndiko "kuganda" kunakosemwa kwenye simu.

Ndiyo maana Faiba Chaneli, teknolojia inayotumika sana kwenye mitandao ya storeji inayojitegemea, iliundwa ili msongamano usiwe sababu ya kutupa fremu. Kila kifaa kina jina la kudumu linaloitwa WWN, tarakimu 16 za heksadesimali zinazowekwa kiwandani. Kikichomekwa, kinajitambulisha kwa swichi na kupewa anwani fupi ya biti 24, ambayo sehemu yake ya kwanza ni namba ya swichi yenyewe. Juu ya orodha hiyo ya majina, msimamizi anapanga zoni, yaani nani anaruhusiwa kumwona nani. Seva ya malipo ikiwa zoni moja na storeji, zitaonana; seva ya mafunzo iliyo nje ya zoni hiyo haitajua hata kama storeji hiyo ipo.

Taasisi ndogo nyingi hutumia iSCSI, ambayo hupitisha amri hizohizo juu ya swichi za Etheneti. Huko TCP inasaidia kutuma tena, na majina ya vihesabio ni tofauti, lakini namna ya kufikiri ninayoieleza hapa inafaa vilevile.

Kreti tupu kwanza

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwenye duka la vinywaji pale Mwanjelwa anajua kwamba gari la soda halimwachii kreti lililojaa kama hana kreti tupu la kurudisha. Akiwa na matupu manane atapokea manane. La tisa litabaki kwenye gari hadi chupa zirudi. Faiba Chaneli inafanya hivyohivyo. Pande mbili za kebo zinapoungana, kila upande unatangaza una nafasi ngapi za kupokea fremu. Nafasi hizo huitwa krediti. Poti inayotuma hujipunguzia krediti moja kwa kila fremu, na hurudishiwa moja kila mpokeaji anapotuma ishara fupi iitwayo R_RDY, kumaanisha nafasi imepatikana. Krediti zikifika sifuri, mtumaji anasimama. Hatupi fremu, anasubiri.

Utaratibu huu ni mzuri hadi siku kifaa kimoja kinapokuwa kizito. Chukua seva ya zamani yenye kadi ya 4 Gb (gigabiti kwa sekunde) inayosoma data nyingi za bakapu kutoka storeji yenye poti ya 16 Gb, mchanganyiko wa kawaida sana huku kwetu ambako vifaa hununuliwa kwa awamu, bajeti ikiruhusu. Seva inaomba mafungu makubwa. Storeji inayatuma kwa kasi yake. Fremu zinafika kwenye swichi na kukuta poti ya kuelekea seva ile imeishiwa krediti, zinabaki kwenye bafa za swichi, yaani kumbukumbu yake ya muda. Bafa zikijaa, swichi nayo inaacha kuirudishia storeji R_RDY. Sasa poti ya storeji imesimama, na poti hiyohiyo ndiyo inayohudumia seva ya malipo, ya barua pepe na nyingine zote. Seva moja imewafunga wenzake, na wote watalalamika isipokuwa yenyewe, maana yenyewe inaendelea kupokea kwa mwendo iliouzoea.

Hali ikiendelea hivyo hadi fremu ikae ndani ya swichi kwa muda uliowekwa, ambao kwenye mipangilio mingi ya kiwandani hauzidi milisekunde 500, swichi inaitupa. Hapo ndipo zile sekunde 30 zinapoanza kuhesabika kwenye seva ambayo haikuhusika kabisa.

Kwenye swichi za Brocade kuna kihesabio kinachoitwa tim_txcrd_z. Kila kinapopanda kwa moja, maana yake poti ilikuwa na fremu ya kutuma lakini haikuwa na krediti kwa maikrosekunde 2.5. Sekunde moja ina vipande 400,000 vya namna hiyo. Kisome mara mbili, dakika moja kati ya usomaji na usomaji. Tofauti ikiwa 20,000, poti ilisimama sehemu ya ishirini ya sekunde katika dakika nzima. Ni jambo la kawaida, liache. Tofauti ikiwa 12,000,000, poti ilisimama nusu dakika, na hapo una kazi ya kufanya. Namba iliyokusanyika tangu swichi iwashwe haikuambii lolote, hata ikiwa ya mabilioni.

Kumpata mkosaji ni suala la kufuata krediti zinakokwama. Ikiwa poti inayosimama inaelekea swichi nyingine, mkosaji yuko mbele zaidi: ingia kwenye swichi hiyo ya pili uangalie poti zake. Ikiwa inaelekea kifaa, umefika. Bado hujamaliza, lakini. Tazama matumizi ya kebo hiyo kwa muda uleule. Poti ikisimama huku kebo iko karibu na kikomo chake, seva inaomba kuliko njia yake inavyoweza kupitisha; mpe kadi yenye kasi zaidi, au punguza kazi zinazokwenda kwa wakati mmoja. Poti ikisimama huku kebo inatumika asilimia kumi tu, basi seva yenyewe ndiyo inayochelewa kurudisha nafasi, na uchunguzi unahamia ndani yake: dreva, kadi mbovu, prosesa iliyozidiwa na mashine pepe. Hali hizi mbili zinafanana kabisa kwa mtumiaji, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Jedwali la makosa

Amri ya porterrshow kwenye Brocade hutoa jedwali lenye mstari mmoja kwa kila poti. Kwenye Cisco MDS habari za aina hiyo ziko chini ya show interface. Jedwali hilo linatisha kwa wingi wa safu, ila kwa ukaguzi wa kila wiki safu chache zinatosha: crc err, crc g_eof, enc out, disc c3, na zile tatu zinazokwenda pamoja za link fail, loss sync na loss sig.

Anza na hizo tatu za mwisho ili uziondoe njiani. Zinahesabu mara muunganisho ulipokatika au mwanga ulipopotea. Zinapanda kila seva inapowashwa upya na kila umeme unapokatika upande wa pili, kwa hiyo kupanda kwake peke yake si habari. Ni habari zikipanda usiku wa manane kwenye seva ambayo haikuzimwa. Enc out, yaani makosa ya usimbaji yaliyo nje ya fremu, nayo hupanda wakati vifaa vinapokubaliana kasi. Itazame tu inapoongezeka huku kebo imetulia.

Kwenye CRC ndiko watu hupotea. Tuseme una swichi mbili zilizounganishwa. Kwenye swichi ya kwanza, poti 12 inaonyesha crc err 340 na crc g_eof 340. Kwenye swichi ya pili, poti 0 inayopokea kutoka swichi ya kwanza inaonyesha crc err 340 lakini crc g_eof sifuri. Mtu mwenye haraka atabadili kebo ya poti 0, kwa kuwa ndiyo njia kuu, na atawakatia watu wote kwa kosa lisilo la kebo hiyo. Kila fremu hubeba jumla ya ukaguzi, ambayo ndiyo CRC, na alama ya mwisho. Kwenye Brocade, swichi ya kwanza kugundua kwamba jumla haiendani huibadili alama ya mwisho kuonyesha fremu ni mbovu, halafu huipitisha. Kwa hiyo fremu mbovu inayofika na alama nzuri imeharibikia kwenye kebo ileile iliyoingilia. Inayofika na alama iliyobadilishwa ililetwa ikiwa mbovu tayari. Safu ya g_eof huhesabu zile za kwanza tu. Katika mfano huu kazi iko poti 12: kebo yake, SFP zake mbili (moduli za mwanga za kila ncha), au kadi ya seva iliyo upande wa pili.

Kwa vifaa vipya kuna jambo la kuongeza. Faiba Chaneli ya hadi 8 Gb hutumia usimbaji, yaani namna ya kupanga biti njiani, wa 8b/10b. Kuanzia 16 Gb ni 64b/66b, na kwenye 32 Gb urekebishaji wa makosa njiani, ule wa FEC, ni wa lazima. FEC hurekebisha makosa madogo kimyakimya, kwa hiyo kebo inaweza kuwa inachakaa huku CRC bado ni sifuri. Kwenye swichi hizo ongeza kihesabio cha makosa yaliyoshindikana kurekebishwa.

Disc c3 ni idadi ya fremu zilizotupwa. Ikipanda pamoja na tim_txcrd_z, rudi kwenye habari ya kreti tupu.

Kabla ya haya yote, nakili vihesabio vilivyopo, vifute kwa statsclear, na andika tarehe na saa uliyofuta. Bila hatua hiyo utakuwa unasoma makosa ya siku mkandarasi alipokuwa akichomeka na kuchomoa, na kuyachukulia kuwa ya leo.

Mwanga na vumbi

Moduli ya SFP, kile kidude kinachochomekwa kwenye poti na kugeuza umeme kuwa mwanga, hutoa ripoti kuhusu nafsi yake: joto, volti, nguvu ya mwanga inaoutoa na nguvu ya mwanga inaoupokea. Kwenye Brocade tumia sfpshow ukitaja namba ya poti. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa dBm, na kipimo hiki kina hesabu yake: kila inaposhuka kwa 3, mwanga umepungua nusu. Poti iliyokuwa inapokea −3 mwezi wa tano na sasa inapokea −9 imebakiwa na robo ya mwanga wake. Huenda bado inafanya kazi. Haitafanya kwa muda mrefu.

Namba moja haitoshi hapa pia. Andika kipimo cha kila poti siku kebo ikiwa safi na mzigo umetulia, kisha linganisha kila mwezi. Ukiwa na kumbukumbu hiyo utaiona kebo inayofifia wiki kadhaa kabla haijaleta CRC ya kwanza.

Sababu ya kawaida ya kufifia ni uchafu. Kiini cha faiba ya multimodi, ile ya masafa mafupi, kina upana wa maikromita 50, na chembe ya vumbi ambayo jicho halioni inatosha kuziba sehemu yake. Katika nyanda hizi kiangazi huwa na vumbi jingi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na kuna mazoea yanayozidisha tatizo: "Mbeya kuna baridi, kiyoyozi cha nini?" Dirisha la chumba cha seva linafunguliwa. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa ya nje kweli ni baridi, lakini inaingia na vumbi Septemba na unyevu wa ukungu wakati wa mvua. Tena hewa ya mwinuko ni nyepesi, kwa hiyo feni ile ile hubeba joto kidogo kuliko ingebeba Dar es Salaam. Bora chumba kifungwe, hewa iingie kupitia kichujio kinachosafishwa, na joto lipimwe na swichi yenyewe, ambayo ina vipima joto ndani.

Kusafisha faiba si kuifuta kwa shati. Kuna kalamu ya kusafishia viunganishi vya LC: unaondoa kifuniko, unaisukuma kwenye ncha hadi isikike imebofya, basi. Safisha ncha zote mbili na tundu la SFP, halafu chomeka mara moja. Vifuniko vidogo vya plastiki vinavyokuja na kebo visitupwe. Poti isiyotumika ibaki imefunikwa. Na usichungulie ndani ya faiba yenye mwanga: mawimbi ya nanomita 850 yako nje ya yale jicho linayoyaona vizuri, lakini yanaingia jichoni.

Angalia urefu pia. Kebo ya OM3, aina mojawapo ya faiba ya multimodi, iliyofanya kazi vizuri ikiwa na mita 140 kwenye 8 Gb imezidi kiwango chake ukipandisha hadi 16 Gb, ambako kikomo ni mita 100, na kwenye 32 Gb ni mita 70. Jengo jipya likijengwa upande wa pili wa uwanja, pima umbali kabla ya kuagiza vifaa.

Kufuatilia bila kukaa mbele ya skrini

Hakuna atakayeandika amri kila dakika. Swichi hizi hutoa namba zake kwa SNMP, itifaki ya kusoma hali ya vifaa vya mtandao kwa mbali, na programu huria kama Zabbix au LibreNMS huzikusanya na kuchora grafu kwenye kompyuta ya kawaida kabisa. Tumia SNMP toleo la 3, lenye nywila na usimbaji fiche. Matoleo ya zamani hupitisha neno la siri wazi, na mara nyingi neno lenyewe limeachwa lile la kiwandani.

Chagua vihesabio vya biti 64 kila vinapopatikana. Kihesabio cha baiti cha biti 32 hurudi sifuri kikipita 4,294,967,295. Poti ya 8 Gb iliyojaa hupitisha karibu megabaiti 800 kwa sekunde, kwa hiyo kihesabio kinazunguka kila baada ya sekunde tano na ushee. Ukikisoma kila dakika tano, grafu utakayochora itakuwa ya uongo mtupu.

Swichi nazo zina ufuatiliaji wa ndani. Brocade wana MAPS, ambayo huja na sera za tayari, kuanzia ya upole hadi ya ukali. Ushauri wangu ni kuanza na ya upole na kuikaza taratibu. Tahadhari hamsini kwa siku zitafanya kila mtu azipuuze, na ile ya hamsini na moja ndiyo itakuwa ya kweli. Ya kutumwa kwenye simu usiku yawe machache: chanzo cha umeme kimekufa, feni imekufa, joto limepita kikomo, swichi nzima haionekani, krediti zimekwama kwenye poti ya storeji. Mengine yasubiri ripoti ya asubuhi. Na tahadhari hizo zisitegemee intaneti ya ofisi peke yake; modemu ya laini ya simu iliyochomekwa kwenye kompyuta ya ufuatiliaji itatuma SMS hata faiba ya mtoa huduma ikikatwa na katapila barabarani.

Jambo la saa linaonekana dogo, nalo hupoteza siku nzima. Mhasibu anasema mfumo uliganda saa nne. Ni saa nne asubuhi, ambayo kwenye logi ya seva ni 10:00. Swichi ambayo haijapangwa inaandika kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa hiyo tukio lilelile liko kwenye 07:00. Storeji imepotea dakika kumi na mbili kwa sababu saa yake haijarekebishwa tangu ifungwe. Mtu anafungua logi tatu, hakuna kinacholingana, anahitimisha kwamba swichi haihusiki. Zielekeze zote kwenye seva moja ya NTP, inayolinganisha saa, ziweke majira ya Afrika Mashariki, na zipeleke logi zao kwenye mashine moja ya syslog, yaani ya kukusanya logi, iliyo nje ya swichi. Swichi ikifa, logi iliyobaki ndani yake haitakusaidia.

Radi na nyaya

Kuanzia Novemba hadi Aprili radi za Rungwe na Mbeya si za kuchezea. Faiba yenyewe haipitishi umeme, kwa hiyo njia za data za swichi ya storeji ziko salama kiasi. Umeme huingia kwa milango miwili: waya wa nguvu, na poti ya usimamizi, ambayo kwa kawaida ni Etheneti ya shaba. Poti hiyo ikiunganishwa kwa kebo ndefu ya shaba inayotoka jengo jingine, umeijengea radi njia ya kuingilia. Kati ya majengo pitisha faiba. Raki iwe na ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, iliyopimwa na fundi, si waya uliofungwa kwenye bomba.

Swichi nyingi kubwa zina vyanzo viwili vya umeme. Nenda leo ukaangalie vimechomekwa wapi. Mara nyingi vyote viwili viko kwenye UPS moja, au hata kwenye ekstensheni moja, na hapo kuwa viwili hakuna faida. Tenganisha: kila kimoja na UPS yake. Ukiwa hapohapo, weka mkono upande wa feni uone hewa inaelekea wapi. Kuna swichi zinazovuta hewa upande wa poti na nyingine upande wa feni, na iliyofungwa kinyume ndani ya raki inavuta hewa ya moto inayotoka kwenye seva.

Mbeya hadi Iringa

Swali linaloulizwa sana na viongozi ni kama data ya Mbeya inaweza kunakiliwa papo hapo hadi tawi la Iringa, ili moto ukitokea huku, kule waendelee. Hesabu inajibu vizuri kuliko hoja. Mwanga ndani ya faiba hutumia takriban maikrosekunde 5 kwa kilomita. Kwa njia ya kilomita 330, kwenda na kurudi ni milisekunde 3.3, na uandishi mmoja wa kawaida wa SCSI kwenye Faiba Chaneli unahitaji safari mbili za namna hiyo. Hifadhidata iliyozoea jibu chini ya milisekunde moja itahisi kila herufi.

Krediti nazo zinabana. Kwenye 8 Gb, fremu kamili ya baiti 2,148 huchukua kama maikrosekunde 2.5 kutoka kwenye poti, na safari ya kwenda na kurudi ya kilomita moja ni maikrosekunde 10. Unahitaji krediti 4 kwa kila kilomita ili njia isisimame, yaani 1,320 kwa Iringa, na zaidi fremu zikiwa ndogo. Ndiyo sababu kwa umbali huo watu hunakili kwa kuchelewesha: uandishi unakubaliwa Mbeya kwanza, kisha unafuata Iringa kwa sekunde au dakika chache nyuma, mara nyingi juu ya mtandao wa IP. Kiongozi aulizwe basi: mkipoteza dakika tano za mwisho za kazi, mtaweza kuzirudisha kwa karatasi?

Kugusa mipangilio

Mtandao wa storeji uliopangwa vizuri una pande mbili zisizogusana, A na B, kila seva ikiwa na kebo kwenye zote mbili. Poti za usimamizi ziwe na VLAN yao, yaani mtandao wao uliotengwa. Telnet, njia ya kuingia isiyosimba chochote, ifungwe; SSH, iliyosimbwa, ibaki. Nywila za kiwandani zibadilishwe, na kila mtu aingie kwa jina lake, ili logi iseme nani alifanya nini.

Zoni ndiyo sehemu ambayo kosa moja la kuandika linaweza kusimamisha taasisi. Kila zoni iwe na kadi moja tu ya seva pamoja na poti za storeji inazozihitaji, na majina yasomeke: seva, namba ya kadi, upande. Kumbuka kuna mpangilio uliohifadhiwa na mpangilio unaotumika, na si lazima vifanane. Linganisha kwa cfgshow kabla hujaandika cfgenable, amri inayoanza kutumia mpangilio uliohifadhiwa. Amri ya cfgdisable, inayozima mpangilio wa zoni unaotumika, iogope: pale ambapo wasio na zoni hawaruhusiwi kuonana, itamkatia kila mtu kwa pamoja. Kabla ya badiliko lolote toa nakala ya mipangilio kwa configupload na uiweke mahali ambapo si juu ya storeji inayohudumiwa na swichi hiyohiyo.

Swichi ikianza kufanya vituko, hamu ya kwanza ni kuizima na kuiwasha. Kusanya supportsave, yaani logi na hali yote ya swichi, kwanza. Kuwasha upya hufuta sehemu kubwa ya ushahidi, na mtengenezaji ataomba ushahidi huo kabla ya kubadili kifaa.

Kusasisha programu ya ndani ya swichi hufanyika upande mmoja kwa wakati, na kabla ya kugusa A hakikisha kila seva inaiona storeji kupitia B. Kwenye Linux multipath -ll inaonyesha njia zote na hali ya kila moja. Seva moja iliyopoteza njia yake ya B miezi mitatu iliyopita bila mtu kujua ndiyo itakayoanguka siku hiyo. Ukimaliza A, usiende B jioni hiyohiyo. Futa vihesabio, iache ibebe mzigo wa wiki nzima pamoja na bakapu kamili, soma tena jedwali la makosa, na kama disc c3 na CRC hazijasogea, panga tarehe ya B.